Mboga kwenye gunia Arusha: mwongozo kamili kwa wanaoona miche ya chini ikikauka kila msimu

Swali linalonifikia mara nyingi kutoka kwa wasomaji wa Arusha ni hili moja. Mtu amejaza udongo mzuri kwenye gunia, amepanda sukuma wiki na chainizi kuzunguka ubavu wote, na mwezi haujaisha mboga za juu zinapendeza, za katikati zimedumaa, za chini zimekauka. Anaongeza samadi. Anabadilisha mbegu. Msimu unaofuata yanajirudia yaleyale.

Karibu kila mara tatizo ni maji. Udongo wa juu huyanywa yote, na sehemu ya chini inabaki kavu huku mwenye gunia akiamini amemwagilia. Kwa hiyo hatua nyingi hapa chini zinahusu njia ya maji ndani ya gunia. Ukiipata hiyo, mengine yote ni mepesi.

Na kazi hii ina maana yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya 2022 ikahesabu 617,631. Ingia ua wa nyumba ya kupanga Sombetini, Ngarenaro au Daraja Mbili: kamba ya nguo, ndoo za maji, pikipiki imeegeshwa, nafasi imekwisha. Tuta la mboga haliingii hapo. Gunia linaingia, kwa sababu linachukua nusu mita tu ya ardhi na kubeba miche zaidi ya thelathini kwenda juu.

## Vitu vya kuandaa kwa gunia moja

- Gunia la salfeti (la nyuzi za plastiki) la kilo 100, zima, lililobeba mahindi, mchele au sukari. Lililobeba saruji au dawa za shambani liache kabisa. Gunia la katani nalo halifai, maana linakaa na unyevu muda wote na litaoza kabla hujalifaidi.
- Udongo wa juu, ndoo 4 za lita 20.
- Samadi iliyoiva, ndoo 2.
- Maganda ya mpunga, ndoo 2. Ni yale magumu yanayobaki mashineni. Pumba laini za kulishia kuku zinachacha na kuita panya.
- Mawe, ndoo 1 na nusu, ukubwa wa yai hadi ngumi. Ukipata yale mepesi ya volkano yenye vitundu, chukua hayo. Hapa kwetu yapo tele na hayaongezi uzito sana.
- Kopo lisilo na kitako, upana wa sentimita 10 hadi 15. Kopo kubwa la maziwa ya unga lililokatwa pande zote mbili linatosha, au kipande cha bomba la inchi 4.
- Fito 3 au 4 za mita moja na nusu, na kamba.
- Kisu cha zamani ambacho hutajali kukipasha moto.
- Miche 34 hivi. Otesha au agiza 40, kwa sababu michache itakufa.

Usianze kujaza kabla vyote havijakamilika. Gunia lililojazwa nusu na kuachwa hukauka, na ukija kuendelea unapata tabaka mbili zisizopitishana maji.

## Hatua ya 1: Chagua mahali, maana halitahama

Gunia lililojaa na kulowa lina uzito unaozidi kilo 150. Usiliweke juu ya mfuniko wa shimo la choo, wala kwenye baraza la ghorofa usilojua lilivyojengwa. Kama ua ni wa kupanga, ongea na mwenye nyumba kabla hujabeba hata ndoo moja ya udongo.

Mboga za majani zinahitaji jua la saa tano au sita kwa siku. Hapa Arusha kuna jambo ambalo miongozo ya mikoa mingine haikuambii: kuanzia Juni hadi Agosti asubuhi nyingi hufunikwa na mawingu, na jua hutoka mchana. Mahali panapopata jua la asubuhi peke yake patakunyima mwanga miezi hiyo yote. Tafuta sehemu ambayo upande wa magharibi uko wazi. Katika miezi hiyohiyo jua hupita upande wa kaskazini, kwa hiyo ukuta mrefu ulio kaskazini mwa gunia utalitia kivuli.

Kama chini ni saruji, weka kwanza matofali mawili matatu, yakiachana kidogo, ili maji ya ziada yapate pa kutokea. Na fikiria kuku. Kuku wa jirani anaweza kumaliza safu mbili za chini kwa asubuhi moja, kwa hiyo kama wapo, andaa kipande cha wavu wa kuzungushia sehemu ya chini.

## Hatua ya 2: Changanya udongo na uuloweshe kabla ya kujaza

Udongo usitoke kando ya barabara kubwa wala karibu na gereji, kwa sababu mafuta machafu na madini ya risasi vikishaingia kwenye udongo havitoki kwa kuoshwa.

Samadi ipime kwa mkono. Ingiza mkono hadi kwenye kifundo katikati ya rundo. Ikiwa na joto, bado. Ikinuka mkojo, bado. Iliyoiva ni baridi, ina harufu ya udongo wa msituni, na huwezi kutofautisha kinyesi na majani. Samadi ya mbuzi na kondoo inayoletwa kutoka maboma ya Kisongo na Monduli ni nzuri sana, ila zile punje ngumu ziponde na uziloweke siku mbili, la sivyo zitakaa miezi bila kuvunjika. Ya kuku iache iive miezi mitatu, na utumie ndoo moja tu badala ya mbili.

Changanya udongo, samadi na maganda juu ya turubai hadi rangi iwe moja. Kisha nyunyiza maji huku ukigeuza. Hapa ndipo wengi wanapopuuza: mchanganyiko uliokauka kabisa huyakataa maji, yanateleza juu yake na kutafuta ufa. Ukiujaza mkavu, utamwagilia wiki nzima bila kuulowesha ndani.

Utajua umefaulu: kamata konzi moja na ubane. Inashikana, na ukiigusa kwa kidole inavunjika. Ikidondosha maji, umezidisha. Ikibaki donge gumu, udongo wako una mfinyanzi mwingi. Ongeza nusu ndoo ya maganda.

## Hatua ya 3: Jenga nguzo ya mawe

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, kwa hiyo usiifanye jioni ukiwa na haraka.

Kunja gunia kuelekea nje hadi libaki fupi, kama unavyokunja mkono wa shati. Litakuwa linakunjuliwa kadiri unavyojaza, na mikono yako itafika ndani kirahisi. Kama gunia lina nailoni ndani, toboa kitako matundu kumi hivi. Chomeka fito ardhini kulizunguka.

Kwanza, sakafu. Tandaza mawe kitakoni, unene wa sentimita 10. Hapa ndipo maji ya ziada yanapotokea ili mizizi ya chini isioze.

Pili, udongo mtupu sentimita 15. Mwaga mchanganyiko juu ya sakafu na uukandamize kwa viganja. Nguzo ya mawe haitakiwi kugusa sakafu. Ikigusa, maji yatashuka moja kwa moja na kutokea chini, nawe utaona dimbwi ukadhani gunia limeshiba. Tabaka hili huyazuia maji yatulie ndani ya nguzo na kupenya pembeni, polepole, kuelekea kwenye mizizi. Wapo wanaojenga nguzo nzuri kabisa na bado mboga za chini zinakauka. Ukifukua unakuta kosa ni hili.

Tatu, nguzo yenyewe. Simamisha kopo katikati. Lijaze mawe. Funika mdomo wake kwa kiganja au kitambaa, kisha mwaga mchanganyiko kuzunguka kopo hadi ubaki upana wa vidole viwili kufika ukingo wake. Kandamiza taratibu, zaidi upande wa ukuta wa gunia, maana hapo ndipo mizizi itakapoanzia. Sasa zungusha kopo kidogo kushoto na kulia huku ukilivuta juu. Mawe yanabaki yamesimama, udongo unayakumbatia. Liweke tena juu ya mawe yaleyale na urudie, hadi udongo ufikie sentimita 90 hivi kutoka chini.

Angalia mambo matatu unapoendelea. Nguzo ikiinama, upande mmoja utazama na mwingine utakufa kwa kiu. Pima kwa macho kutoka juu kila unapovuta kopo. Udongo ukiingia kati ya mawe, utaziba njia. Ndiyo sababu ya kile kitambaa. Na usitumie changarawe ndogo wala mchanga badala ya mawe, kwani huziba ndani ya wiki chache.

Acha mdomo wa nguzo wazi, na uso wa udongo uwe na bonde kidogo kuelekea katikati ili maji yanayomwagwa juu nayo yaingie kwenye nguzo. Funga fito kwa kamba, juu na katikati, gunia lisivimbe.

Utajua umefaulu: mimina lita 5 kwenye nguzo, polepole. Ziishe ndani ya dakika chache, na chini pasitoke kitu au yatoke matone tu. Maji yakisimama juu, nguzo imeziba. Yakichuruzika chini mara moja, tabaka la udongo la sakafuni halikukandamizwa, na ni afadhali ulifumue leo kuliko kuhangaika nalo miezi mitano.

## Hatua ya 4: Liache litulie siku tatu

Mwagilia lita 5 asubuhi na lita 5 jioni kwa siku tatu. Udongo utashuka, pengine upana wa kiganja kizima. Ongezea juu.

Usipande kabla ya hapo. Udongo ukishuka baada ya miche kuingia ubavuni, mizizi inashuka nao huku shina limekwama kwenye tundu la gunia, na mche unakatika shingo. Miche mingi inayosemekana imekatwa na wadudu wiki ya kwanza imekufa hivi.

## Hatua ya 5: Toboa matundu

Safu ya kwanza iwe sentimita 25 kutoka chini. Kisha acha sentimita 18 hadi 20 kati ya safu na safu kwenda juu, jumla safu nne. Katika safu moja yaingie matundu saba, na ya safu inayofuata yapishane na ya chini yake.

Tumia kisu kilichopashwa moto. Salfeti ikikatwa kwa kisu baridi nyuzi huachana, na tundu la leo linakuwa mpasuko mwezi ujao. Moto huyeyusha kingo zikashikana. Tundu liwe la kuingia vidole viwili tu, na utoboe siku ileile ya kupanda. Simama upande upepo unakotoka usivute ule moshi.

## Hatua ya 6: Panda, kila mmea mahali pake

Miche iwe na majani manne au matano na iwe imenyweshwa saa moja kabla ya kung'olewa. Panda jioni, au siku ya mawingu.

Sukuma wiki inarefuka, kwa hiyo ipe safu ya juu na uso wa gunia. Chainizi, spinachi na saladi zikae safu mbili za chini. Mnafu unapenda safu ya pili kutoka juu. Ukiuchuma ncha mara kwa mara unatawanyika na kuwa kichaka. Kwa mnafu na mchicha tafuta mbegu zilizoboreshwa, kwani kazi kubwa ya kuchagua aina bora za mboga zetu za asili imefanyika hapahapa Tengeru, katika ofisi ya kanda ya World Vegetable Center. Mbegu za pakiti ziwe na lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu.

Karoti, kabichi na mahindi visahau. Nyanya mbili zinaweza kukaa juu zikishikiliwa na fito, ila ujue unaalika kantangaze, yule mdudu anayeharibu nyanya, uani kwako. Binafsi siziweki.

Namna ya kupanda ubavuni: chomeka kijiti kwa mteremko, kikielekea ndani na chini. Shusha mzizi unyooke. Mche ambao mzizi wake umejikunja kuelekea juu hautainuka tena, hata uumwagilie vipi. Bana udongo kwa kidole, kisha ziba tundu kwa majani makavu kidogo ili udongo usimwagike.

Utajua umefaulu: asubuhi ya pili miche mingi imelala, na hiyo ni kawaida. Asubuhi ya tano iwe imeinua vichwa. Iliyobaki imelala siku hiyo ing'oe na uweke ile ya akiba.

## Hatua ya 7: Kumwagilia

Wiki mbili za kwanza lipe gunia lita 3 asubuhi na 3 jioni. Baada ya hapo, gunia lililojaa mboga linataka lita 8 hadi 10 kwa siku wakati wa jua kali la Januari na Februari, na tena Septemba na Oktoba. Katika baridi ya Juni na Julai lita 5 zinatosha. Theluthi mbili zipite kwenye nguzo, polepole; theluthi moja juu ya uso. Kama unaondoka asubuhi na mapema kwenda kazini, toboa mfuniko wa chupa ya lita moja na nusu kwa sindano, igeuze juu chini kwenye mdomo wa nguzo, itadondosha yenyewe ukiwa haupo.

Usiuamini uso wa udongo. Kila baada ya siku mbili, ingiza kidole kwenye tundu moja la safu ya chini kabisa. Unyevu ukiwapo hapo, upo kote.

Masika hudanganya watu. Mvua inanyesha siku nzima, mtu anaweka ndoo kando, na mboga za ubavuni zinanyauka. Uso wa gunia ni mdogo: mvua ya milimita 20, ambayo ni mvua ya maana, inaingiza lita 3 tu. Endelea kupima kwa kidole hata mwezi wa Aprili.

### Maji yetu na chumvi zake

Tunaoishi chini ya Mlima Meru tunayajua maji ya visima na chemchemi zetu kwa meno ya kahawia ya watoto. Yana floridi nyingi, na mengi yana chumvi za sodiamu za jamii ya magadi. Shambani mvua huziosha zikashuka mbali. Kwenye gunia maji yanapanda hewani na chumvi inabaki, kila siku kidogo.

Dalili ni utando mweupe juu ya udongo au nje ya gunia, na kingo za majani zilizoungua ingawa udongo una unyevu. Dawa yake ni maji ya mvua. Bati la mita mraba 20 likipata mvua ya milimita 10 linakupa lita 200, yaani pipa zima. Kinga maji yote unayoweza wakati wa masika na vuli. Na mara moja kwa mwezi, kama maji yako ni ya kisima, mimina maji ya mvua mengi kwa mkupuo, ndoo mbili, hadi yatokee chini. Hapo unaisukuma chumvi nje.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yatumie bila wasiwasi. Maji ya sabuni usiyamwage humo, kwa sababu yanaongeza sodiamu ileile unayopigana nayo.

## Hatua ya 8: Lishe na wadudu

Kuanzia wiki ya nne, samadi ya mwanzo inaanza kupungua nguvu. Loweka nusu ndoo ya samadi iliyoiva kwenye ndoo ya maji, funika, koroga kila siku kwa wiki moja hadi mbili. Chuja kwa kitambaa, kwani machicha yakiingia yataziba nguzo. Zimua hadi iwe na rangi ya chai ya rangi, na umimine lita 2 kila baada ya wiki mbili. Isiguse majani, hasa saladi inayoliwa mbichi.

Wadudu mafuta huja kiangazi na kukaa chini ya majani machanga. Wakiwa wachache wasugue kwa vidole. Wakizidi, nyunyiza majani kwa maji yenye sabuni ya kipande kidogo sana, jioni, na uyasuuze asubuhi. Vitundu kama madirisha kwenye sukuma ni kazi ya viwavi wa nondo mgongo wa almasi. Geuza jani, utawaona, watoe kwa mkono. Gunia moja unalimaliza kwa dakika tano.

Dawa za viwandani sizishauri uani, ambako watoto wanacheza na nguo zinaanikwa. Ukilazimika, nunua iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, soma kibandiko kinasema usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna, na uzihesabu kwenye kalenda.

## Hatua ya 9: Vuna bila kuua mmea

Mchicha utakuwa tayari wiki ya tatu au ya nne, chainizi ya tano, sukuma wiki ya sita. Chuma majani ya chini na uache manne au matano ya juu. Safu ya juu ichume mara nyingi kuliko nyingine, ili mwanga uzifikie mboga za chini.

## Msimu ukiisha

Baada ya miezi mitano au sita mashina yatakuwa magumu na majani madogo. Bana kipande cha gunia kwa vidole na ukisokote. Likitoa unga au vipande, limeshamalizwa na jua. Toa udongo wake kabla halijapasuka lenyewe na kujaza ua vipande vya plastiki.

Tandaza udongo juani siku chache, toa mizizi minene, na uchanganye ndoo moja ya samadi mpya kwa kila ndoo nne za udongo wa zamani. Palipokuwa na sukuma na chainizi panda mnafu na mchicha, kwa kuwa wadudu na magonjwa ya jamii moja hubaki kwenye udongo wakisubiri. Mawe ya nguzo yaoshe tope lote kwa maji mengi kabla ya kuyarudisha. Yakirudi na tope lake, nguzo mpya itaziba mapema zaidi kuliko ya kwanza.